Roselyne Cherotich na Sehemu ya Thelathini na Mbili

Mchungaji, ndugu na marafiki mliokusanyika hapa Doha leo, Ijumaa tarehe 7 Novemba 2025, pamoja na jamaa wanaotufuata kwa simu kutoka Sotik, Yala na Nakuru, familia imemwomba Levis Kipkemoi Bett, mdogo wake marehemu, awasomee historia ya dada yake, naye amekubali kwa sharti moja, kwamba ajitaje kwa jina kama wengine wote wanavyotajwa, kwa sababu kuna mahali mbele ambapo kusema "mimi" kutamshinda.

Marehemu Roselyne Cherotich alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 huko Sotik, ambako sasa ni Kaunti ya Bomet, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Samwel Bett na marehemu Mama Esther, na mama yao alipenda kusema kwamba mtoto huyu alianza kutembea akiwa na miezi tisa na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona ameketi. Alisoma shule ya msingi huko huko nyumbani kuanzia 1991 hadi 1998, na akiwa darasa la tano alikuwa akienda kila Jumamosi kwa mwalimu mkuu, aliyekuwa na televisheni ya betri ya gari, kutazama mchezo wa watoto uliohusu kifurushi kilichopotea posta. Mchezo ule ulikatizwa kabla kifurushi hakijafunguliwa, watoto wenzake wakasahau baada ya wiki mbili, lakini Roselyne alikiandikia kituo barua kuuliza ndani mlikuwa na nini, na baada ya miezi minne akajibiwa kwamba anashukuriwa kwa kutazama na ajitahidi masomoni. Barua hiyo aliitunza maisha yake yote, kwa hasira.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 2002, akaingia chuo cha uuguzi Nakuru mwaka 2004, akahitimu 2007, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika hospitali moja mjini humo. Alifunga ndoa tarehe 5 Desemba 2009 na Bwana Nick Onyango, fundi wa lifti, ambaye anasema kwamba keki ya harusi aliila peke yake kwa sababu bibi harusi alikuwa anazunguka mahema akihakikisha kila mtu ana soda. Walijaliwa watoto wawili, Marvin aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 2010, na Tiffany aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 2013.

Nyumbani kwake televisheni ilitazamwa na watu wawili wameketi na mmoja amesimama anapiga pasi. Alikuwa na daftari la kurasa mia mbili ambamo aliandika kila kipindi kilichokatizwa kabla ya mwisho, tarehe kilipokatizwa, mahali kilipofika, na swali lililobaki, na aliyemwambia kwamba hiyo ni michezo ya kuigiza tu alijibiwa, "Basi wasingenianzishia." Hadi anafariki, daftari lilikuwa na vipindi ishirini na sita.

Sasa tufike mahali penyewe. Tarehe 3 Juni 2012, Levis, akiendesha pikapu ya mwajiri wake kwenye barabara ya Njoro, alimgonga mchuuzi wa maziwa aliyekuwa kwenye baiskeli, Bwana Gitonga, akamvunja nyonga, na badala ya kusimama alikanyaga mafuta hadi kwa dada yake Nakuru, akaomba maji ya kuoshea gari, naye Roselyne akampa ndoo kabla hajaona kilichokuwa kwenye bampa. Polisi walichelewa lakini walifika, kesi ikafunguliwa, na Roselyne akaitwa kuwa shahidi. Levis alimfuata jikoni akamwambia, "Dada, sema hukuona. Ni neno moja tu." Roselyne alianza kufua mapazia yaliyokuwa safi.

Mwaka huo wa kesi, kuanzia tarehe 10 Januari 2013, ndipo kilipokuwa kikirushwa kila Alhamisi kipindi cha Karani wa Molo, kilichosimulia habari za Sabina, karani wa mahakama aliyeficha faili ambalo lingemfunga kaka yake wa kuzaliwa. Roselyne hakukosa hata sehemu moja, alibadilishana zamu na wauguzi wenzake hadi wakamchoka, na Nick anakumbuka kwamba alikuwa akizungumza na Sabina kwa sauti, akimwonya na kumbembeleza. Sehemu ya thelathini na moja ilirushwa tarehe 8 Agosti, Sabina akapanda kizimbani, hakimu akamuuliza faili liko wapi, akafungua kinywa, na majina ya watengenezaji yakaanza kupita. Alhamisi iliyofuata, saa ile ile, kituo kilirusha mieleka. Roselyne, mwenye mimba ya miezi saba, alisimama na pasi mkononi akiwatazama wanaume wawili wakirushana sakafuni, akidhani ni tangazo, mpaka shati la Nick likaungua.

Alipiga simu kituoni mara kumi na moja. Mara ya mwisho mama wa mapokezi alimwambia, "Kipindi kimeisha, madam," naye akasema, "Hakijaisha, mmekikata, na mimi naitwa kortini tarehe ishirini na saba." Mama yule hakuelewa, na angeelewaje. Tarehe 27 Agosti 2013 Roselyne alipanda kizimbani Nakuru bila msaada wa Sabina, akasema aliyoyaona, ndoo, bampa, nywele zilizonata hapo, yote, na Levis akahukumiwa miaka miwili na nusu.

Kila siku ya kutembelea wafungwa Roselyne alikwenda na chakula, na Tiffany alipofikisha wiki sita alimbeba mgongoni, akasimama langoni mpaka askari arudi na maneno yale yale, "Amekataa kutoka." Alikwenda hivyo mpaka Mei 2015, Levis alipoachiliwa, akapanda gari la kwenda Sotik bila kupitia kwa dada yake.

Roselyne alifika Doha tarehe 14 Januari 2016, akafanya kazi ya kuwauguza wazee majumbani mwao, na kwa miguu ile isiyotulia alizijua nyumba za Al Rayyan kuliko madereva, kama anavyokiri Bwana Bakari wa Tanga, aliyemwendesha miaka minane na aliyezoea kumwambia, "Dada Rose, funga mkanda kwanza ndipo ushuke." Nick alimfuata mwaka 2017 akapata kazi Lusail, watoto wakabaki Nakuru kwa shangazi yao, na mwaka 2019 Roselyne alimtafutia Levis kazi ya kompyuta, akamtumia karatasi zote zikiwa tayari, zikikosa sahihi yake tu. Levis alikuja. Walikaa vila moja miaka sita, wakasalimiana asubuhi na jioni, wakapeana chumvi, na habari ya Nakuru hakuna aliyeigusa.

Tarehe 17 Machi 2023, katika duka kubwa la Al Sadd, Roselyne aliona jina kwenye beji ya mlinzi wa maegesho, akasimama katikati ya njia ya magari. Yeye alikuwa mtu wa kusoma majina yote yanayopita mwishoni mwa kipindi, na jina la mwandishi wa Karani wa Molo lilikuwa Athanas Mwakio.

"Samahani, kaka," akamwambia. "Sabina alijibu nini?"

Bwana Athanas, ambaye yuko nasi hapa, aliitazama foleni ya magari nyuma yake. "Dada, niko kazini. Ondoka barabarani."

Aliondoka, akarudi Ijumaa iliyofuata na zilizofuata, na Athanas alipohamishiwa lango la nyuma alimkuta huko huko. Kidogo kidogo Athanas alimwambia kwamba waliarifiwa Alhamisi na Ijumaa wakarudisha nguo za kuigizia, kwamba yeye alikuwa akiandika wiki kwa wiki na jibu la Sabina hakulijua, na kwamba kwa miaka miwili aliwaahidi waigizaji kuwa kipindi kitarudi, mpaka akaona haya kupokea simu zao. "Mimi siku hizi naandika namba za magari," alisema, "na nikimaliza zamu, zimekwisha." Roselyne akamwambia kwamba hiyo si kweli, na kwamba atarudi Ijumaa.

Tarehe 19 Februari 2025, baada ya miezi ya kukonda ambayo yeye mwenyewe aliilaumu hewa ya joto, Roselyne aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Nick alimwomba warudi nyumbani akapumzike, naye akamuuliza, "Nirudi nilale, nihesabu mabati?" na siku ya pili ya matibabu alimlazimisha Bakari ampeleke Al Sadd, akamsimamia Athanas langoni akiwa na bomba la dawa limefungwa plasta mkononi, asimwambie anaumwa. Ni Bakari aliyemwambia, pembeni, wakati Roselyne amekwenda kununua maji.

Ijumaa tarehe 12 Septemba, Athanas alikuja vilani mwenyewe na daftari la shule. Majirani walijaa sebuleni, Roselyne akashika mgongo wa kiti kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kumwangusha lakini kuketi alikataa, na Athanas akasoma sehemu ya thelathini na mbili. Sabina alikana kila kitu, faili halikuonekana, kaka yake akaachiliwa, wakakumbatiana nje ya mahakama, na watu wakapiga makofi. Nick alifuta macho.

"Mwandishi," Roselyne akasema, "umeandika hivi kwa sababu naumwa."

"Nimeandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyo."

"Wewe ulimjua Sabina sehemu thelathini na moja. Huyu aliyekana si yeye. Umenionea huruma."

Athanas akafunga daftari. "Dada, wewe unataka nini na mimi? Miaka miwili unanifuata kama polisi. Nimekuletea mwisho, watu wamefurahi, wewe hutaki."

"Nataka ule uliouogopa," akasema, na Athanas akatoka bila kunywa chai. Nick alimkaripia mke wake mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamwambia kwamba mtu hukubali zawadi, naye Roselyne akazunguka sebule ile, kiti hadi ukuta, ukuta hadi kiti, mpaka akaishiwa pumzi.

Wiki nne baadaye, Ijumaa tarehe 10 Oktoba, Athanas alibisha hodi tena, na safari hii hakuleta maneno mengi. Sabina alisema faili lilipo. Kaka yake alifungwa, na Sabina akawa anakwenda gerezani na chakula, naye kaka akawa anakataa kutoka, na hapo Athanas akaishia, kwa sababu hakuwa ameandika zaidi. Athanas hakuwa anajua habari ya Nakuru. Hakuna aliyekuwa amemwambia, na Levis amemuuliza mara tatu.

Roselyne akaketi. Nick alisogea haraka akidhani ameanguka.

"Akatoka lini?" Roselyne akauliza. "Kaka yake. Akatoka lini kumwona?"

"Hilo sijui, dada. Sijui hata kwa nini anakataa."

Levis alikuwa kwenye sinki anaosha vikombe, na hakugeuka. Alisema, "Alikuwa anataka. Siku ya wageni alikuwa anaoga mapema, anakaa karibu na mlango. Wakimwita, miguu inakataa. Halafu wakimletea chakula anakula chote." Watu wa sebuleni walidhani anamsaidia mwandishi, na mmoja akasema hiyo ni nzuri, iandikwe.

Roselyne alisema, "Njoo hapa, Kipkemoi," naye akaenda na mikono yenye sabuni.

Siku ishirini na tatu zilizobaki walizitumia kuzungumza, nyumbani kisha hospitalini, Roselyne akiuliza upesi upesi kama mtu anayewahi basi, walilala wangapi, ugali ulikuwa mgumu au laini, nani alimwandikia barua, na Levis akamwambia pia kwamba aliwahi kumsikia Tiffany akilia ng'ambo ya ukuta na akajua ni mtoto wa dada yake kabla hajaambiwa amezaliwa. Kuhusu sehemu ya thelathini na mbili Roselyne alimtumia Athanas masahihisho sita kwa sauti, la mwisho tarehe 31 Oktoba, akisema sehemu ya thelathini na tatu ianze gerezani. Alifariki dunia Jumapili tarehe 2 Novemba 2025, saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku Marvin alipotimiza miaka kumi na mitano, mkono mmoja ukiwa kwa Nick na mwingine kwa Levis.

Mwili utasafirishwa tarehe 9 Novemba, Levis na Nick wakiusindikiza, na mazishi yatafanyika Yala, nyumbani kwa kina Nick, tarehe 13. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale aliowaelekeza namna ya kutandika kitanda chake na wakamvumilia, waajiri na wafanyakazi wenzake, ubalozi, majirani wa vila na wa Al Rayyan yote, Bwana Bakari na ndugu zetu Watanzania ambao hawajaacha hata siku moja kuleta chakula, na Bwana Athanas Mwakio, ambaye ameomba likizo mwezi Desemba ili aandike.

Yuko mmoja zaidi. Juzi Bwana Gitonga wa Njoro alipiga simu kwa Nick kutoa rambirambi, akaomba azungumze na Levis, na Levis akaipokea simu hiyo amesimama. Gitonga alimwambia kwamba tangu mwaka ule wa 2012 hadi alipokuja huku, Roselyne alikuwa akifika kwake kila Jumatano kumkanda nyonga na kumfundisha kutembea upya, kwamba alimwomba asimwambie mtu, na kwamba sasa anadhani ruhusa imepatikana. Kisha akamuuliza Levis kama atakapofika Kenya anaweza kupita Njoro anywe chai. Levis amesema atapita.

Nenda salama, dada Roselyne, na Mungu akupe mapumziko ambayo wewe mwenyewe hukuwahi kujipa.