Kakao Iliyotetea Benchi

Mniwie radhi, kisa hiki nitakiharibu: nakisimulia nikiwa nimesimama, na mimi nikisimama ulimi huchoka kabla ya miguu. Kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya duka la Vasanti, sokoni Walthamstow, London. Jokha, nesi wa Unguja, huleta kahawa ya tangawizi. Ghislain wa Bukavu, tunayemwita Daktari kwa kuwa hakuna asilolijua, huleta maneno. Jeff, dereva wa basi, jina lake la kijiweni Spika, huleta sauti. Mimi huleta uzito wangu tu. Jumamosi hiyo Vasanti alitoka na futi ya kupimia.

VASANTI: Benchi linaondoka leo. Hapa naweka rafu ya chokoleti. Chokoleti inaleta wateja, nyinyi mnaleta kelele.

Jeff aliiona miaka yake yote ya ubishi ikipakiwa kwenye lori la taka. Moyo ukamlipuka.

JEFF: Wacha, Vasanti! Chokoleti ya kutafuna ni mtoto wa juzi. Kule Meksiko, karne na karne, watu waliinywa. Chungu, na pilipili, na povu juu. Wafalme walililia hilo povu!

GHISLAIN: Na mbegu zake zilikuwa pesa. Papa Spika, ukinyeshewa na mshahara mfukoni, umepika uji!

JOKHA: Ala! Na mwizi ananuswa mdomo?

GHISLAIN: Mapadri wa Hispania walibishana kama kuinywa kunavunja mfungo. Hapa hapa London mabwana walikuwa na nyumba maalumu za kuinywea. Ndipo walipopata kichwa cha kutawala dunia! Wangekunywa maziwa matupu, leo Heathrow ingekuwa Bukavu.

Vasanti hakucheka.

VASANTI: Nioneshe hilo povu, Spika. Bila mashine. Wateja wakisimama, benchi linabaki.

Jeff akachukua kakao ya unga, maji moto, pilipili. Akamimina jagi hili hadi lile. Wapi! Povu halikuonekana.

JOKHA: We Jeff, povu halitoki hivyo. Unamimina kama unamnywesha mgonjwa dawa.

Jeff akafumba macho. Akamwona mamake kule Nyeri akipoza chai: kikombe kimoja magotini, kingine juu ya kichwa. Akavua koti, akapanda juu ya benchi, akainua jagi. Jokha akakinga chini. Uzi mwekundu-mweusi ukashuka, ukapandishwa, ukashuka tena, na povu likafura mpaka likamwagikia viatu vya Jokha.

Muuza viazi akaacha meza yake. Mzee mmoja akamsahau mbwa wake. Watu wakapanga foleni hadi kwenye duka la simu, kila mmoja akidai kikombe.

VASANTI: Haya, nimeshindwa! Benchi linabaki!

Kijiwe kizima kikapiga vigelegele; Spika mwenyewe akalia.

Bado tunashangilia, vikombe mikononi, akatokea dada mmoja mgeni, Shiro, katoka Hayes kwa treni.

SHIRO: Hamjambo? Niliambiwa hapa kuna benchi la watu wetu. Liko wapi?

Daktari akatazama mawingu. Vasanti akatazama vipande viwili vya mbao.

Jeff msimlaumu. Yeye alisimama juu yake kwa adabu. Aliyelirukia benchi kwenda kumkumbatia ni mimi.