Mama wa Maabara na Jipu la Ini Langu

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Wengi wenu hapa mtaani Tena mnanijua kama yule dereva wa foklifti wa Industrial Area, na wachache mnanijua tangu enzi zangu za pombe. Nitasema yote, maana nikificha hiyo ya pombe hamtaelewa niliogopa nini. Majina ya watu sitayataja.

Nilikuwa nimeacha kunywa kwa miaka minne nilipoanza kuugua. Joto mwilini, jasho la kulowesha shati, na maumivu hapa chini ya mbavu za kulia. Nikivuta pumzi ndefu, yanapanda hadi begani. Zahanati ya kwanza ikasema ni taifodi. Nikameza dawa, nikazimaliza, joto likarudi. Ya pili ikapima choo, ikasema haioni kitu. Kufikia hapo nilikuwa nimekonda, mpaka mshipi wa suruali nikautoboa tundu jipya kwa msumari.

Mke wangu akanipeleka hospitali kubwa. Wakanipiga picha ya tumbo, kisha daktari mmoja kijana akaketi kando ya kitanda, akaniambia kuna uvimbe kwenye ini, mkubwa kuliko ngumi, na kwamba huenda ni kansa. Halafu akaniuliza kama ninakunywa pombe.

Nawaambia ukweli, sikuuliza swali hata moja. Nilijihukumu pale pale. Nikasema moyoni, nilichopanda ndicho ninachovuna. Nikamwambia mke wangu anirudishe kwetu Kitui nikafie kwa mama.

Akaniambia, "Baba, hawajasema ni kansa. Wamesema huenda."

Nikamfokea mbele ya wagonjwa wengine. Aliendelea tu kuninyooshea blanketi.

Asubuhi iliyofuata akaja mama mmoja wa maabara kunitoa damu, mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa uzi. Wengine walikuwa wanachoma sindano na kwenda zao. Huyu alisoma faili langu lote akiwa amesimama, kisha akavuta kiti. Akaniuliza kazi yangu, maji ninayokunywa, na kama nimewahi kuhara. Nikamwambia sihari.

"Sijakuuliza leo," akasema. "Nakuuliza mwaka huu wote."

Ndipo nikakumbuka. Miezi mitatu nyuma mfereji ulikauka kazini, tukawa tunakunywa maji ya tangi. Nilihara wiki nzima, choo kina damu na makamasi. Nikanunua vidonge duka la dawa, nikapata nafuu, nikanyamaza. Hata mke wangu sikumwambia. Niliona haya, mtu mzima kama mimi.

Yule mama akanieleza polepole kama mwalimu. Amiba, mdudu asiyeonekana kwa macho, huingia na maji au chakula kilichochafuliwa na choo, hukaa utumboni, na mara nyingine hupenya kwenye damu hadi kwenye ini na kuleta jipu. Inaweza kuwa choo ukikipima hakionyeshi kitu, na ini limejaa usaha. Lakini damu ya mtu huweka alama za kupigana na yule mdudu, na alama hizo zinapimika. Kipimo hicho hakikuwa kimeandikwa kwenye faili langu.

Nilimsikia mlangoni akiongea na yule daktari, bila kupandisha sauti: "Daktari, tumpime amiba kabla hatujamwambia ni kansa." Na daktari, nampa heshima yake, hakununa. Alirudi akakiandika kipimo kwa mkono wake.

Jibu likaja: amiba. Wakaingiza sindano ndefu wakiongozwa na picha, wakavuta usaha wa hudhurungi kama chokoleti iliyoyeyuka. Wakaitafuta kansa humo, hawakuiona. Nikaanzishiwa dawa. Siku ya tatu joto likashuka. Siku ya nne nikaomba sahani ya githeri, na hapo ndipo mke wangu alipolia. Kabla ya siku hiyo sikuwa nimeona chozi lake. Baadaye nikapewa dawa nyingine ya kuwamaliza wadudu waliobaki utumboni, na nyumba yetu nzima ikapimwa.

Nawashukuru nyote mlioniombea na mlioniletea uji. Namshukuru yule daktari aliyekubali kusikia. Mke wangu nilimwomba msamaha nyumbani, na leo namwomba tena mbele yenu. Ndugu zangu, ukiulizwa habari za ugonjwa wako, sema zote, hata zile za aibu. Na usijitie kaburini kwa neno "huenda."

Nilipopata nguvu nilirudi kumshukuru yule mama. Nilimkuta ameinamia darubini. Nikaanza maneno yangu niliyoyapanga njia nzima, akainua mkono bila kugeuka.

"Ngoja kidogo, baba. Kuna mgonjwa mwenzako hapa sijamwelewa bado."

Nikaketi kwenye benchi. Nilingoja karibu saa nzima, na sijawahi kufurahi kungojeshwa namna ile.