Cyrus Hakuwa Gerezani

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Wewe uliyetoka zamu West Bay na bado hujavua viatu, karibu. Wewe unayepiga pasi nguo za watu huku umetutegea sikio moja, karibu. Dereva uliyeegesha kivulini ukingoja madam atoke dukani, karibu nawe. Ni Ijumaa, na kila Ijumaa, hapa kwenye chumba chetu kidogo cha kutangazia, Al Sadd, Doha, tunawakumbuka waliotutoka.

Leo tunamkumbuka Cyrus Mwenda. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alifariki akiwa na miaka ishirini na sita. Hakuwahi kufika Doha, na wengi wenu hamkumjua. Lakini dada yake mnamjua. Ni Olivia Kendi, yule askari wa mapokezi katika jengo moja la ofisi kule West Bay, mrefu, anayecheka kwa kuziba mdomo. Kendi ndiye aliyeniomba kipindi hiki.

Nitawaambia mapema ili msipotee njiani. Cyrus alifariki mwaka jana, mwezi wa nne. Kendi hakuambiwa. Aliambiwa ndugu yake amefungwa. Kwa zaidi ya mwaka mzima Kendi alimwombea mfungwa, kumbe Cyrus alikuwa kaburini.

Tuanze na Cyrus mwenyewe, maana siku ni yake.

Alikuwa kitinda mimba. Wa kwanza ni Carolyne, wa pili ni Kendi, kisha yeye. Wametoka upande wa jua kali chini ya Mlima Kenya, kaunti ya mashambani, mahali ambapo soko ni moja na kila mtu anajua mbuzi wa jirani ana rangi gani. Baba yao alifariki Cyrus akiwa bado ananyonya. Kendi ndiye aliyembeba mgongoni mama akienda shamba.

Shule aliacha kidato cha pili. Hakufukuzwa. Alipita mbele ya karakana sokoni, akaona cheche, akasimama. Kesho yake akasimama tena. Siku ya tatu fundi akamwambia, "Kama utasimama hapa kila siku, basi shika hii brashi usugue kutu." Hivyo ndivyo alivyoanza kazi.

Geti lake la kwanza alimtengenezea mama yake. Juu akaandika kwa vyuma jina la mama, Mama Caro, na herufi moja ikaangalia nyuma. Fundi wake alitaka aikate airudie. Mama alikataa. Alisema wageni watajua ni mkono wa mwanawe.

Kendi alipokuja huku, Cyrus alimtumia ujumbe wa sauti kila Ijumaa. Nimesikilizishwa mmoja. Nyuma unasikia mashine ya kusaga chuma, na yeye anapiga kelele ili asikike. "Sista, usinitumie simu, simu ninayo. Nitumie miwani ya kuchomelea, hii yangu imekuwa kama chupa ya soda." Kendi alimtumia. Cyrus akapiga picha amevaa hiyo miwani kanisani.

Mwezi wa nne mwaka jana, ujumbe wa Ijumaa haukuja. Kendi alipiga, simu imezimwa. Siku mbili baadaye Carolyne akampigia.

"Cyrus ameshikwa," Carolyne alisema.

"Ameshikwa na nini?"

"Na polisi. Walipigana sokoni, kuna mtu ameumia vibaya. Usilie, Kendi. Tunashughulikia."

Baada ya muda Carolyne akapiga tena. Cyrus amepelekwa mahakamani. Amehukumiwa miaka miwili. Gerezani hawaruhusiwi simu.

Kendi aliamini. Nani asingeamini? Huyu ni dada aliyemsuka nywele, aliyempeleka shule siku ya kwanza. Aliamini, akaona aibu, na kazini hakumwambia mtu. Kanisani aliomba tu kwamba wamkumbuke ndugu yake aliye katika vifungo. Hata mchungaji wa nyumbani alimwandikia, "Usife moyo, Mungu hawasahau walio gerezani." Huyo mchungaji, wasikilizaji wapendwa, ndiye aliyemzika Cyrus.

Carolyne alikuwa akimletea Kendi salamu. Kila mwisho wa mwezi, akisema ametoka gerezani kumwona, anapiga. "Anasema asante kwa maombi. Anasema usikonde. Anasema akitoka atakutengenezea kitanda cha chuma." Kendi alikuwa akiziandika salamu hizo kwenye simu yake ili azisome akiwa zamu. Naye alikuwa akirudisha zake. "Mwambie asigombane na watu humo ndani. Mwambie namngoja."

Mambo yaligeuka kwa sababu ya upendo, si kwa sababu ya shaka. Kendi alitaka kumkatia ndugu yake rufaa. Mkenya mmoja anayefanya kazi ofisini huku alimwambia kitu cha kwanza ni namba ya kesi. Kendi akampigia Carolyne.

"Caro, nipe namba ya kesi."

"Karatasi ziko kwa wakili."

"Basi nipe namba ya wakili."

Carolyne akasema chaji inaisha. Siku nyingine akasema mtandao ni mbaya. Siku ya tatu akakasirika. "Kendi, ukichimba sana utamharibia. Hawa watu watamhamisha mbali. Wewe fanya kazi yako huko."

Kendi akaanza kutafuta mwenyewe. Alipiga simu kituo cha polisi cha nyumbani. Askari aliyepokea alimsikiliza vizuri, akafungua kitabu cha matukio. "Dada, juma hilo tulishika walevi watatu na mwizi wa kuku. Hakuna Cyrus." Kendi akafikiri labda alipelekwa kituo kingine. Akapiga kingine. Hakuna. Akaingia kwenye mtandao wa mahakama, akaandika jina la ndugu yake. Akampata Cyrus Mwenda mmoja, mzee wa kesi ya shamba. Akafikiri labda jina liliandikwa vibaya. Akajaribu Mwende. Akajaribu Sirus kwa herufi ya S. Alikuwa akifanya hivyo ndani ya basi la wafanyakazi, asubuhi, wenzake wamelala.

Nilimuuliza kama hakushtuka. Akanijibu, "Nilikuwa natafuta makosa ya karani. Makosa ya dada yangu sikuyatafuta."

Sasa anaingia Harun. Harun ni dereva wa teksi hapa Doha, mtu wa Isiolo, na nyumbani kwao si mbali na kwa kina Kendi. Alipopata likizo mwaka huu, Kendi alimwomba jambo moja. Aende mahakamani apate namba ya kesi, kisha aende gerezani amwone Cyrus. Akampa na shati jipya, la siku ya kutoka.

Harun alienda. Polisi wakamwambia hayupo. Karani wa mahakama, mama mmoja mpole, akafungua mafaili ya mwezi wa nne, wa tano na wa sita, akasema hayupo. Harun akapanda gari akaenda gerezani na lile shati kwenye mfuko wa plastiki.

Haya ni maneno ya Harun mwenyewe. "Askari jela aliangalia akasema jina hili hatuna. Nikamwambia tazama tena, ni kijana, fundi wa kuchomelea. Akaacha kuangalia kitabu, akaniangalia mimi. Akasema, 'Fundi? Cyrus wa mageti? Kaka, huyo ndiye alitutengenezea madirisha ya nyumba zetu. Huyo alikufa mwaka jana. Mimi nilikuwa kwenye mazishi.'"

Askari jela alijua. Karani, Harun aliporudi kwake akamtajia geti la Mama Caro, naye alijua. Soko zima lilijua. Ni Kendi peke yake aliyekuwa hajui.

Harun hakutaka kubeba habari ya kusikia. Alienda mpaka nyumbani. Akamkuta mama anachambua maharagwe. Alipojitambulisha kwamba anatoka Doha, mama aliweka ungo chini.

"Amejua?" mama aliuliza.

"Bado, mama."

"Basi usimwambie akiwa kazini."

Akamwonyesha kaburi. Liko nyuma ya nyumba, limesakafiwa vizuri, na msalaba wa chuma uliochomelewa na mafundi wenzake.

Harun alingoja Ijumaa, siku ambayo Kendi hana zamu. Kendi anaishi na wenzake watano chumba kimoja, kwa hiyo simu ilipoita alitoka akasimama kwenye ngazi.

"Harun, umemwona?"

"Dada, uko na mtu hapo?"

"Niko peke yangu. Sema tu."

"Cyrus hakufungwa. Hakushikwa na polisi hata siku moja."

Na Kendi, wasikilizaji wapendwa, alifurahi. Ameniambia hili mwenyewe. Alisema, "Asante Mungu. Kwa hivyo yuko nyumbani?"

Harun akasema, "Ndiyo, dada. Yuko nyumbani. Amezikwa nyumbani."

Kendi alimpigia Carolyne jioni hiyo hiyo. Carolyne hakukana. Alieleza jinsi ilivyokuwa. Cyrus alikuwa akitengeneza geti la shule ya msingi. Mvua ilikuwa imenyesha, ardhi ilikuwa maji, na waya wa mashine ulikuwa umechubuka. Alipigwa na stima. Alifariki kabla ya kufika hospitali. Ilikuwa Jumanne.

"Kwa nini, Caro?"

"Ulikuwa umeanza tu mkataba. Ungevunja, ungerudi, na sisi sote tunakutegemea. Tulikaa kikao. Tukasema utaambiwa ukija."

"Ningelia, Caro. Ningelia siku ile ile mliyolia nyinyi. Ni hilo tu mlininyima."

Kisha Kendi akauliza tena.

"Na zile salamu? Ulikuwa unazitoa wapi?"

"Nilijua angesema hivyo," Carolyne akajibu. "Namjua Cyrus. Nilijua angesema hivyo hivyo."

Kendi alikata simu. Tangu siku hiyo hajazungumza na dada yake.

Mengine aliyajua polepole. Kwamba tangazo la kifo halikupelekwa kwenye redio ya nyumbani, kwa sababu watu wa Doha huisikiliza kwenye simu. Kwamba binamu aliyeweka picha ya jeneza mtandaoni aliamriwa aiondoe. Kwamba siku ya mazishi mtu alisimama akawaomba waombolezaji wote wafunge midomo kwa ajili ya mtoto aliye ng'ambo, na waombolezaji wakaitikia amina.

Siku iliyofuata ile simu ya Harun, Kendi alienda kazini. Alimwomba msimamizi wake siku chache za msiba. Msimamizi si mtu mbaya. Alimpa pole, akamuuliza marehemu alifariki lini. Kendi akataja mwezi wa nne mwaka jana. Msimamizi akamtazama, asijue aandike nini. Kendi akamwambia basi, aache. Akavaa kofia yake akarudi mlangoni kuwafungulia watu.

Ndipo akaja hapa Al Sadd. Alikaa kwenye kiti hicho mbele yangu akasema, "Ndugu yangu hakutangazwa. Nataka atangazwe." Nikamuuliza kama kuna jambo jingine. Akafikiri. Akasema, "Harun ameniambia. Caro ameeleza. Lakini mama yangu hajanitamkia mpaka leo. Nikipiga, analia, anampa mtu mwingine simu."

Kwa hiyo juzi nilimpigia mama. Tulizungumza mambo ya mvua kwanza. Kisha nikamwambia ombi la binti yake. Halafu akasema haya, na ameniruhusu niwasomee kama alivyoyasema:

"Kendi mwanangu, ni mama. Cyrus alifariki. Siku ile watu waliniuliza, 'Akianguka huko, nani atamshika?' Nikakubali usiambiwe. Carolyne usimlaumu peke yake, mimi ndiye niliyemwambia aseme amefungwa. Nilifikiri kufungwa ni afadhali, mtu anaweza kungoja. Kisha ukaanza kungoja kweli, nami nikashindwa kukutoa huko. Cyrus alifariki, mwanangu. Nakuambia mimi mama yako."

Kendi ameyasikia kabla yenu. Nilimwekea sauti ya mama niliyoirekodi, akaomba nirudie. Kisha akasema, "Sasa nimeambiwa." Hakusema amesamehe, nami sikumuuliza. Mkataba wake ukiisha mwishoni mwa mwaka atakwenda nyumbani. Ataenda kaburini. Kwa Carolyne amesema hatalala. Shati Harun alilirudisha, na Kendi hajaamua alifanye nini.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole. Pole kwako Kendi, na karibu kwenye msiba wako, ingawa umecheleweshwa. Pole kwako mama. Pole kwako Carolyne, uliyempoteza ndugu, ukabeba sauti yake, na sasa dada yako hashiki simu yako. Pole kwa mafundi wa lile soko. Cyrus Mwenda, fundi wa mageti, Mungu akulaze pema.

Na sisi tuliobaki tufikiri kidogo. Wengi wetu huku tunapiga nyumbani tunaambiwa wote hawajambo. Nasi tunawaambia huku ni kuzuri, hata siku ambayo si kuzuri. Hayo tunayaita kulindana. Kendi alilindwa hivyo, na matokeo yake ni kwamba leo haamini neno lolote linalotoka nyumbani, hata akiambiwa mvua imenyesha.

Labda kuna mmoja wenu anayejua jambo ambalo mwenzake hajaambiwa. Nina wimbo hapa tayari, lakini sitauweka sasa hivi. Nitanyamaza kidogo, ili mwenye simu ya kupiga aipige.