Mwalimu Norbert Wilondja, Aliyekataa Kusaini Mpaka Koko Aelewe

Mwalimu Norbert Wilondja ametumikia masomo yetu, shule hii ya hapa Baraka, miaka makumi tatu na moja. Aliingia mwezi wa tisa mwaka 1993, na leo, tarehe 2 mwezi wa saba 2024, anaingia pansiyo, anapumzika kazi. Komite ya bafanyakazi iliniomba mimi, mama Georgette, ninayefagia mabiro na kupika chai ya balimu, niseme maneno juu yake. Baliniambia niseme mazuri. Nitayasema, lakini kwa njia yangu. Florentine wa sekreteria anaandika, na kila mustari ananisomea tena, niangalie kama hakuongeza sukari.

Norbert ni mutoto wa Mboko. Baba yake alikuwa muvuvi, lakini ziwa halikumutaka: yeye mwenyewe anakubali kwamba siku ya kwanza kupewa wavu aliutupa pamoja na kofia ya baba yake. Akakimbilia vitabu. Alianza hapa kama mwalimu wa historia, na alikuwa anafuta ubao kwa mukono wa shati. Muke wake alichoka kufua chaki, akamushonea mikono ya kitambaa cheusi ya kuvalia juu. Batoto bakamwita Padri. Hakukasirika. Alisema afadhali Padri kuliko vile balivyomwita mbele ya hapo.

Vita ilipokuja mwaka 1996, bantu balibeba masufuria na magodoro. Norbert alibeba kitabu cha pointi, alama za mitihani za masomo yote, amekitia ndani ya bidoni ya mafuta aliyoikata tumbo. Alitembea nacho mpaka Kilembwe. Njiani balimushuku sana: muntu anayekimbia na makaratasi badala ya unga, anaficha nini? Lakini tuliporudi, batoto betu balikuwa na pointi zao, na ba masomo mengine balilazimika kurudilia mwaka muzima. Hilo ni zuri lake la kwanza, na hakuna muntu wa Baraka anayeweza kulikatala.

Mwaka 2005 balimufanya mushauri wa masomo, yule anayesaidia batoto ba mwaka wa sita kupanga batakachosoma chuo kikuu. Hapo ndipo alianza desturi yake inayosumbua bantu. Mutoto akichagua, Norbert anachora mpango wote nyuma ya kalendari ya zamani, kila mwaka na visanduku vyake. Kisha anaenda nyumbani kwa mutoto, anatafuta muntu asiyejua kusoma, anamweleza mpango huo, na anangoja muntu huyo amurudilie wote kwa kinywa chake. Akikosea, Norbert hasaini fishi, ile karatasi ya kuomba chuo. Anarudi kesho. Anasema muntu anayesoma anaweza kukubali kitu bila kukielewa, anaficha haya nyuma ya karatasi. Asiyesoma hana pa kujificha. Kuko baba mumoja muvuvi aliyemurudilia miaka yote ya agronomia huku anashona wavu, hakukosa hata kimoja. Na kuko bamama baliomufukuza na mwiko.

Mimi ni mumoja wa bale bamama.

Mujukuu wangu Nadège, anayeniita Koko kama bajukuu bote, alikuwa mwaka wa sita. Siku moja alitoka masomo na kaye mupya ya kuandikia, akakaa chini mbele ya kiti kidogo cha kuchonga cha babu yake, akaanza kukiangalia. Si kukikalia. Kukiangalia. Akaandika. Akakizunguka, akaandika tena. Kisha akauliza:

"Koko, hiki kiti alikichonga nani?"

Nilimunyang'anya ile kaye palepale.

Nieleze, maana si bote banajua. Nilipokuwa bibi arusi mupya kule juu upande wa Kilembwe, alikuja bwana mumoja wa shati zuri, na kaye. Alisema anaandika historia ya babu zetu. Aliuliza upole: hii sanamu ni ya nani, alichonga nani, inaitwaje, inakaa wapi. Baba mukwe wangu alimujibu yote, alifurahi kuulizwa. Bwana akaenda. Akarudi na bantu bawili na mifuko miwili ya chumvi, na siku hiyo sanamu ya nyumba ikaondoka. Ilikuwa muntu ameshika tumbo lake kwa mikono yote miwili. Baba mukwe hakula siku tatu. Leo, banasema, vitu kama hivyo viko Ulaya ndani ya vioo. Kwa hiyo mi niko najua: mwizi wa vitu vya babu hafungui mulango kwa panga. Anaufungua kwa swali.

Nikamuuliza Nadège nani alimutuma. Akasema Mwalimu Norbert. Akasema anataka kwenda Kinshasa kusoma historia ya sanaa, miaka mitatu, na Mwalimu alimwambia kwanza achague kitu kimoja cha nyumbani, akiangalie siku saba, kila siku aandike alichoona ambacho jana hakukiona. Akichoka siku ya tatu, basi abadilishe masomo mapema.

Historia ya sanaa. Nilimwambia kuko uganga, kuko sheria, kuko kufundisha. Kuna muntu anayelipwa chakula ili aangalie kiti? Usiku huo kiti kikalala kwa jirani, chini ya magunia ya mihogo.

Kesho yake nilifagia biro ya Norbert vizuri kuliko siku zote. Nilifungua saraka, sifichi. Mulikuwa kalendari, na nyuma yake visanduku, na ndani ya kisanduku cha kwanza kabisa mulichorwa kiti chetu, miguu yote minne, mpaka ule ufa wa pembeni. Nikasema, sasa nimekushika. Hii ni oda. Ni mambo ya kununua, yamepangwa mwaka kwa mwaka.

Niliipeleka mbio kwa prefe wetu, mukubwa wa masomo, bwana Dieumerci. Yeye akavaa miwani, akasoma kwa sauti: mwaka wa kwanza, sanaa ya dunia yote tangu zamani, na kujifunza kueleza kitu kwa maandishi. Akaniangalia juu ya miwani.

"Mama Georgette, hii ni ratiba ya chuo kikuu."

"Na mwizi hajui kuandika ratiba?"

Prefe akakunja kalendari, akanituma niirudishe kwa mwenyewe. Ni muntu muzuri, hagombani.

Fishi ya Nadège ilipaswa kuondoka na gari la Uvira siku ya tano ya juma lile. Ikikosa gari, amepoteza mwaka. Mujomba wake Guy, ambaye amesoma na anavaa kalamu mbili mufukoni, alikuja siku ya tatu akasema yeye amesoma ule mpango, ameuelewa, Mwalimu asaini tu. Norbert akakatala. Alimwambia:

"We Guy unasoma. Mi namutaka yule anayefagia biro yangu."

Basi jioni hiyo alikuja kwangu. Alijua nilifungua saraka yake. Hakusema. Alikaa juu ya bidoni, maana kiti hakikuwepo, na hakuuliza kiko wapi. Nilimwekea ugali na sombe, majani ya mihogo. Naweza kumuchukia muntu, lakini sitamulaza njaa.

Akatandika kalendari chini. Mwaka wa kwanza nimekwisha kusema, na kile kiti cha mule Nadège alikuwa amekichora mwenyewe, kwa kukumbuka. Mwaka wa pili, Nadège atachagua upande, Afrika au Ulaya au makanisa ya zamani, hapana yote pamoja. Na atajifunza Kiingereza kwa nguvu, kwa sababu vitabu vingi juu ya vitu vyetu viliandikwa kwa lugha hiyo na bageni balioviona vitu hivyo kwa bale balioviuza. Tena atachukua somo moja la kutunza makumbusho, ili akimaliza awe na kazi ya mikono, si ya macho tu. Mwaka wa tatu, kazi ndani ya makumbusho miezi mitatu, na kitabu chake cha mwisho juu ya jambo moja dogo. Dogo, alilirudilia hilo mara mbili. Alisema batoto banashindwa kwa sababu banataka kuandika juu ya Congo yote.

Mi nilikuwa naangalia kitu kingine. Ndani ya mwaka wa pili kulikuwa kisanduku kimoja tupu.

"Na hapa? Hapa umeficha nini?"

"Hapa sijaandika kitu, mama. Ni nafasi ya somo ambalo hatujalijua bado. Akifika kule atakutana nalo."

"Litakuwa lipi?"

"Sijui."

"Na akimaliza, nani atamupa kazi?"

"Hilo pia sijui. Naweza kukutajia milango mitatu ya kupiga hodi. Kama itafunguliwa, sijui."

Yule bwana wa chumvi alikuwa anajua kila kitu. Baba mukwe alipomuuliza naye, kila swali alikuwa na jibu lake tayari, tamu, limepashwa moto. Huyu anakula sombe yangu na ananiambia sijui mara mbili mbele ya mutoto.

Hata hivyo sikumwachilia. Nilimurudilia mpango, na kwa makusudi nikautanguliza mwaka wa tatu mbele ya wa pili. Nilitaka kuona kama ataachilia, kwa sababu gari ni kesho kutwa. Norbert akakunja kalendari, akanawa mikono, akasema:

"Umekosea, mama. Nitarudi kesho."

Nadège alilia usiku wote. Mi nililala vizuri.

Siku ya ine alirudi, mvua ikinyesha. Nilimurudilia yote, mwaka wa kwanza mpaka kitabu kidogo cha mwisho, na kile kisanduku tupu nikakisema pia. Akatoa kalamu. Nikamwambia angoje. Nilimutuma Nadège kwa jirani, akaleta kiti, unga wa mihogo umekipaka juu. Norbert aliomba ruhusa, akakizunguka polepole kama muntu anayepita karibu na mugonjwa aliyelala. Hakukigusa. Kisha nikamwambia:

"Sasa we toka inje kidogo."

Akatoka inje ndani ya mvua, na kalamu yake. Nikamwambia Nadège jina la muchongaji, na kijiji chake, na kwa nini mguu mumoja ni mufupi. Akaandika. Ni mutoto wangu. Yeye ndiye anapaswa kuuliza, na mi ndiye wa kumujibu. Tulipomaliza, nilimuita Mwalimu, amelowa mpaka viatu. Alisaini. Hakuuliza tulisema nini. Siku ya tano fishi ikapanda gari.

Nadège yuko Kinshasa kwa shangazi yake. Amepita mwaka wa kwanza. Juzi alipiga simu akaniambia kile kisanduku amekijaza: anajifunza sheria za vitu vilivyochukuliwa, namna ya kuvidai kwa karatasi, kwa lugha ya bale balio navyo. Nilimuuliza kama ni Norbert aliyemwambia achague hilo. Alisema hapana, Koko, ni mimi mwenyewe. Nilimuuliza tena kesho yake, kama jibu limebadilika. Halikubadilika.

Mengine komite inajua: batoto mia nne na zaidi alibachorea kalendari, na mwaka ule ambao mafuriko yaliingia kalasi tatu aliomba kanisa la Baprotestanti na la Bakatolika yote mawili, yakatupa mabenchi bila kugombana. Hilo la mwisho mi nililiona kwa macho yangu, na bado sijui alibaambia nini.

Leo anasema anarudi Mboko kulima mihogo. Mi sisadiki. Sijaona jembe mukononi mwake miaka hii yote. Bazazi ba Mboko, mukimwona anapita na kalendari kwapani, mupikeni sombe mapema, kisha mumuulize maswali yote, hata yale ya haya. Na yule mushauri mupya anayekuja kwenye biro yake, namukaribisha. Nitaifagia kama kawaida.

Mwalimu Norbert, aksanti. Mi Georgette nasema aksanti, na Florentine, usiandike kwamba nalia, maana silii. Ulikaa miaka makumi tatu na moja ukipanga maisha ya batoto ba bengine, mwaka kwa mwaka. Hii iliyobaki tunaomba Mungu akupe mingi, na safari hii usipangie muntu. Ikae tupu, kama kile kisanduku.