Bi. Arlys Brekke na Kisanduku cha Jina la Kituo

Ijumaa tarehe 30 Januari 2026, saa kumi jioni, Bi. Arlys Brekke atazima kompyuta yake, atavaa buti zake za theluji ambazo zimekaa chini ya meza ile ile tangu tuhamie jengo hili, na atastaafu baada ya miaka thelathini na minane na miezi saba ya kuitumikia Bima ya Pamoja ya Wafugaji wa Bonde la Kettle. Mimi, Gordon Hauge, mkuu wa Kitengo cha Madai, nimeombwa kuandika wasifu wake kwa ajili ya jarida letu. Aliposikia hivyo alisema, "Tafuteni mtu mwingine. Huyo ataishia kujiandika mwenyewe." Wasomaji wataona kwamba hakukosea sana.

Bi. Arlys aliajiriwa Juni 1987 kama mpiga chapa. Siku hizo kampuni ilikatia bima ng'ombe, mabanda na, kwa kuwa wafugaji nao huugua, watu. Mafaili ya ng'ombe yalijaza kabati nne. Ya watu yalikuwa kabati moja, na droo yake ya chini ilitunza sahani za pikiniki. Ndani ya miaka mitano alikuwa karani wa madai, na ndani ya kumi alikuwa mtu ambaye wanachama humuulizia kwa jina wanapopiga simu. Hadi leo nikiipokea mimi hunisikiliza kwa adabu, kisha huuliza, "Arlys yupo?"

Mimi niliingia mwaka 1996 nikiwa na shahada, tai tatu na cheo kilicho juu ya chake. Asubuhi ya kwanza nilimweleza kwa ufasaha kwamba mimi ndiye bosi wake mpya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa basi," akanionyesha choo kilipo. Tumefanya kazi kwa utaratibu huo kwa miaka thelathini.

Vuli ya 1997 hospitali yetu ndogo ilifunga wodi ya wazazi. Wodi iliyobaki karibu ikawa ile ya mjini, maili sitini kwa barabara ambayo Januari na Februari huonekana zaidi kwa imani kuliko kwa macho. Wanachama wakaanza kuuliza kama bima ingemlipa mkunga mwenye leseni ya jimbo awazalishe nyumbani. Swali lililetwa kwangu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, sina mke, sina mtoto, na sikuwahi kuona hata paka akizaa. Kwa hiyo niliandika sheria.

Ilikuwa Kanuni ya Kumi na Nne. Ilisema kuwa dai la uzazi halitalipwa bila jina la kituo cha afya, saa ya kulazwa na saa ya kuruhusiwa. Nyumba si kituo, na mama aliye kwake hawezi kuruhusiwa kwenda kwake, kwa hiyo mlango ulifungwa bila mtu yeyote kutamka neno hapana. Niliandika pia barua ya kuwajibu walioomba. Ilianza, "Ndugu mwanachama, tunajali," na kumalizia, "kwa usalama wako." Nilivimba kichwa kwa ajili ya barua ile. Bi. Arlys aliichapa, akaniuliza, "Una hakika, Gordon?" Nikamwambia nina hakika. Nilikuwa na hakika na mambo mengi mwaka ule, pamoja na sharubu.

Naruka miaka kumi, ambayo Bi. Arlys aliitumia kuhamisha mafaili yote kwenye kompyuta, kukataa kupandishwa cheo mara mbili kwa sababu ofisi ya juu haina dirisha la kuangalia maegesho, na kuokoa ua la mezani kwangu mara sita. Mimi niliitumia kuoa. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa katika wodi ya mjini mwaka 2006, dakika kumi baada ya gari kusimama. Kiatu changu kimoja kilibaki kwenye theluji mlangoni. Mke wangu Marit alijifunza kwamba watoto wake huja haraka. Mimi nilijifunza kufunga kamba vizuri.

Alipopata mimba ya pili, ikihesabiwa kwa Februari 2009, Marit alikwisha kuamua. "Siendi tena maili sitini huku nimeshikilia mlango wa gari," alisema. "Nitazaa hapa, na Corinne." Corinne Utech ndiye mkunga wetu, wakati huo alikuwa amezalisha karibu nusu ya watoto wa bonde hili, wengi wao kabla wodi haijafungwa. Bila bima tusingemudu kumlipa. Kwa hiyo ilikuwa Corinne nyumbani kwa bima, au ile barabara, katikati ya Februari, na mtoto asiye na subira. Nilimwambia Marit asijali, kwa sababu kitengo cha madai ni mimi.

Kesho yake niliiweka fomu yetu mezani kwa Bi. Arlys kama mtu anayeacha koti lake lifuliwe. Aliisoma. Akaangalia kisanduku cha jina la kituo, kilichokuwa kitupu. Akachukua muhuri mwekundu, akagonga.

"Bi. Arlys," nikasema, "hiyo ni yangu."

"Naona. Na kanuni ni yako."

"Basi si tuipitishe tu, mimi na wewe?"

"Tungeweza," alisema. "Halafu Jumatatu angekuja mke wa mtu mwingine, tungemgongea nyekundu. Una haki ya kukata rufaa. Ipo kwenye aya ya tatu. Uliiandika vizuri."

Siku tatu baadaye posta ilileta barua nyumbani. Marit aliifungua jikoni akaisoma kwa sauti, kuanzia "Ndugu mwanachama, tunajali" hadi "kwa usalama wako," hadi sahihi iliyokuwa chini, ambayo ilikuwa yangu.

"Nani anajali hapa?" aliniuliza. "Wewe au muhuri wako?"

Aliibandika kwenye friji kwa sumaku yenye umbo la ng'ombe. Nilikuwa nikiisoma kila nilipofuata maziwa. Sijawahi kunywa kahawa nyeusi nyingi kama majira yale.

Nikakata rufaa. Kwa mujibu wa utaratibu, ambao pia niliuandika mimi, rufaa zote huenda kwa mkuu wa kitengo. Ikanifikia mezani. Nilikaa nayo saa nzima nikitafakari kama nijionee huruma. Bi. Arlys akapita na kunikumbusha kwamba ofisa haamui jambo lake mwenyewe, akaichukua fomu, akasema ataipeleka kwa bodi ya wakurugenzi, na akaniachia jalada la rangi ya kijani. "Soma hilo wakati wa chakula," alisema.

Zilikuwa nakala za barua thelathini na moja, za miaka kumi, moja moja kwa wanawake wa bonde hili, wengine niliowajua kwa majina na wengine kwa watoto wao. Zote zilianza kwa kujali. Zote zilikuwa na sahihi yangu. Sikula siku ile, na mkate wangu ukaliwa na watu wa uhasibu.

Bodi yetu ni wafugaji tisa, na mwenyekiti wakati huo alikuwa mzee Lester Wubben, mwenye ng'ombe mia na ishirini na maneno machache. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya dakika ishirini. Bi. Arlys hakunipa nafasi. Aliweka karatasi mbili mbele ya mzee Lester, kandokando. Moja ilikuwa fomu ya Marit. Nyingine ilitoka kwenye kabati za mifugo.

Mzee Lester alivaa miwani. "Huyu ng'ombe ni wangu."

"Ndiye," alisema Bi. Arlys. "Alizaa pacha Aprili iliyopita. Tulimlipa daktari aliyekuja bandani kwako."

"Na hapa mahali pameandikwa 'kwake.'"

"Alikuwa kwake."

"Alijaza saa ya kuruhusiwa?"

"Hakuna aliyemuuliza, mzee Lester."

Mzee aliisoma fomu ya pili polepole, akanitazama kupitia juu ya miwani. "Gordon, wewe ndiye uliyeandika kwamba ng'ombe wangu azalie kwake na mkeo apelekwe maili sitini?"

"Ndiyo, mzee. Ya ng'ombe niliikuta, ya mke wangu niliandika."

"Ulikuwa na umri gani?"

"Ishirini na tisa."

Mzee Lester akawageukia wenzake. "Alikuwa mtoto. Tumsamehe, halafu tuifute." Mikono tisa ilinyooka. Hotuba yangu ninayo bado, kwa yeyote atakayeihitaji.

Binti yetu Tilda alizaliwa Jumamosi ya Februari, saa tano asubuhi, katika chumba cha kulia chakula. Mchango wangu ulikuwa kuchemsha sufuria mbili za maji ambazo hakuna aliyeziomba, mpaka Corinne akanipa koleo na kunituma nikaondoe theluji mlangoni. Niliondoa hadi kwa jirani. Kupitia dirishani nilimsikia Marit akicheka, kisha nikasikia sauti mpya, nikakaa kwenye theluji nikalia. Bi. Arlys alifika alasiri na viazi vya kuoka na jibini, akagoma kuingia, akagoma tena, akaingia.

Kanuni ilikuwa imefutwa, lakini kompyuta haikupata habari. Ilikataa kuendelea kama kisanduku cha jina la kituo ni kitupu. Basi Bi. Arlys akakijaza: "Chumba cha kulia cha akina Hauge." Tangu hapo, kila mtoto anapozaliwa nyumbani, humpigia mama yake simu na kumuuliza ni chumba gani. Yamelipwa madai mia mbili na kumi na mawili hadi wiki hii. "Chumba cha juu, upande wa jua." "Jikoni, karibu na jiko la kuni." "Bandani (hakukusudia)." Fundi wa kompyuta amejitolea mara nyingi kukiondoa kisanduku hicho, na Bi. Arlys amemkatalia. Sikujua sababu mpaka wiki mbili zilizopita.

Tulikuwa tunasafisha droo zake. Lile jalada la kijani lilikuwa huko, na katika mfuko wa nyuma, ambao mwaka 2009 sikuufungua, kulikuwa na nakala ya thelathini na mbili. Ilikuwa ya kwanza kabisa, ya Desemba 1998, kwa Joleen, binti yake Bi. Arlys. Mimi nilisaini. Yeye aliichapa, kwa sababu kuchapa ilikuwa kazi yake. Nyuma ya karatasi ameandika kwa mkono: "Ndani ya gari, mbele ya ghala la mahindi. 9 Januari, saa 4:10 asubuhi. Kilo tatu. Wazima wote wawili."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, miaka yote hiyo.

"Ungenionea huruma," alisema, huku akifungia kikombe chake kwenye gazeti. "Ungembadilishia Joleen peke yake na kuiacha kanuni. Nilitaka uibadilishe kwa kuwa ni mbaya."

"Ilichukua miaka kumi na moja."

"Ulichelewa kuoa," alisema.

Nimekuwa mcheshi katika wasifu huu kwa sababu yeye angenicheka ningekuwa vingine. Lakini hapa niseme wazi: nilikosea, niliwaweka kina mama thelathini na wawili barabarani, na aliyeumia wa kwanza aliendelea kumwagilia ua langu. Samahani, Bi. Arlys. Samahani, Joleen.

Mtoto wa kwenye gari anaitwa Kaia. Ana miaka ishirini na saba, na anatarajia kujifungua Machi, na Corinne. Ombi lake lilifika Jumanne. Bi. Arlys hakuligusa, maana ofisa haamui jambo lake mwenyewe. Alilileta mezani kwangu na kusimama akisubiri, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nilisoma kisanduku. Mwandiko ulikuwa wa Kaia: "Nyumba ya bibi, chumba cha kusini." Niligonga muhuri wa kijani, nikasaini mara mbili, ya pili kwa bahati mbaya.

"Sawa basi," alisema Bi. Arlys, akanyoosha mkono na kulichukua mwenyewe.

Kwa niaba ya wenzako wote, wa ng'ombe na wa watu, ahsante kwa kila simu uliyopokea na kila muhuri uliotugongea tulipostahili. Uwe na afya, usingizi wa kutosha na jiko lenye moto. Theluji ya mlangoni kwako mwezi Machi usiihangaikie. Nitakuja mimi, na koleo langu.