Maziwa ya Mama Aliyejifungua

Purity haongei garini, husikiliza tu. Jana, ndani ya Probox ya abiria ya kutoka Kajiado, abiria mmoja aliuona mtungi mapajani mwa nyanya wa Kimaasai. “Mama, maziwa kwa plastiki? Redio inasema chembe zake zinaingia hadi kwa damu.”

“Kibuyu kilipasuka. Lakini huu nimeusafisha na kaa la moto, vile tunasafisha kibuyu.”

“Ukatia moto kwa plastiki!” Dereva akapunguza redio, asipitwe.

“Iliyeyuka kidogo tu. Msichana wangu amejifungua, anataka maziwa yenye harufu ya moshi wa nyumbani.”

“Na mtoto akinyonya hizo chembe?”

Purity, aliyekuwa karibu kucheka, akaona mikono ya nyanya ikikaza kifuniko. Gari likasimama Kitengela. Binti yake alikuwa stejini, mtoto kifuani, kikombe tayari mkononi.