Bitana ya Koti la Baba

Dada: Haloo? Nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, cherehani inanguruma hapa.

Kaka: Izime basi.

Dada: Kaka? Ngoja— [cherehani inanyamaza] Shikamoo kaka. Mbona leo Jumanne? Si huwa unapiga Jumapili?

Kaka: Nimeliona gazeti lao, la serikali.

Dada: Gazeti gani? Mtandao unakatakata, sikupati—

Kaka: Unanipata vizuri tu. Ukurasa wa kwanza. "Mwandishi aliyekimbia ajutia vitabu vyake." Chini yake barua yangu kwako, imepigwa picha, mpaka doa la wino. Miaka tisa, mdogo wangu. Kila Jumapili nakuuliza, umeshaichoma? Unaniambia, nimechoma kaka, na majivu nimemwaga.

Dada: Sikuchoma hata moja.

Kaka: Hilo nimeshaliona.

Dada: Ningechomaje mwandiko wako? Nilizishonea ndani ya bitana ya koti la baba. Nikikukumbuka nafumua, nasoma, nashona tena.

Kaka: Haya. Askari wakaja, wakapekua. Mama hawakumgusa?

Dada: Mama mzima.

Kaka: Mlango walivunja?

Dada: [anakohoa] Hawakuja.

Kaka: Sijakusikia.

Dada: Hawakuja, kaka. Nilipeleka mwenyewe. Ile moja tu. Kuna bwana wa uhamiaji anashonesha suti kwangu. Akaniambia, lete kitu cha kuonyesha kwamba ndugu yako kachoka, faili lake lifungwe, arudi. Na mama kaanza kusahau majina. Lako bado analo. Nikaona, kabla halijamtoka—

Kaka: Ukampa.

Dada: Si uliandika mwenyewe? "Natamani nyumbani, hata nikirudi na pingu."

Kaka: Na baada ya pingu niliandika nini?

Dada: "Lakini sitarudi kuwaomba radhi."

Kaka: Hayo gazetini hayamo.

Dada: Waliyakata. Mimi nilimpa barua nzima, naapa—

Kaka: Kuna watu wamefungwa kwa kukutwa na vitabu vyangu. Leo wanasomewa huko ndani kwamba mwenyewe nimejuta.

Dada: Sikulijua hilo. Nilitaka urudi tu. Nitukane basi, kaka. Nigombeze.

Kaka: Barua ya kwanza unaikumbuka? Uliniuliza uhuru wa huku ukoje.

Dada: Naijua kwa moyo. "Nafua mashuka ya hoteli, na hakuna anayenifuata nyuma. Huo si uhuru, ni upweke. Uhuru nilio nao ni mmoja: kukuandikia wewe bila kuchagua maneno." Kaka? Salio linaisha? Nikupigie mimi?

Kaka: Hapana, asante. Mama msalimie. Mimi sijambo. Kazi inaendelea vizuri na hali ya hewa ni nzuri.

Dada: Mbona unaongea hivyo?

Kaka: Nawatakia nyote afya njema.

Dada: Kaka, usinifanyie hivyo. Unaongea na mimi. Barua ya wiki hii utaandika?

Kaka: Marahaba.

Dada: Nini?

Kaka: Ulinisalimia pale mwanzo, sikukuitikia. Salio linakwisha. Marahaba, mdogo—

Dada: Haloo? Kaka? [mlio wa simu iliyokatika] Haloo?